Gonga Dari

Nikivuta mara moja, mzima.
Mara mbili, nipe brashi, au taa imezimika.
Mara tatu, usiulize. Vuta.

Ndivyo alivyoniagiza Minza Lushinge
kabla hajaingiza kichwa, kisha mabega, kisha nyonga
kwenye tundu la tangi la choo la meli ya Nansio,
iliyopandishwa chelezoni, Mwanza Kusini,
tumbo wazi kama sato anayesubiri chumvi.

Siku tatu tulilikosha. Siku tatu feni
ililipulizia, na bado linanuka mayai viza.
"Harufu hiyo," alisema akifunga kamba kiunoni,
"ikikutana na jasho la chuma inakuwa tindikali.
Wewe usihangaike na sakafu.
Sakafu ina blanketi lake la uchafu.
Chuma huliwa juu, penye hewa,
pale ambapo hakuna anayeinua shingo."

Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ya tangi hili ilikuwa rangi,
ya kijivu, nzuri, ya fundi wa mwaka juzi
aliyepaka juu ya kutu
kama mtu anayepaka poda juu ya jipu,
akatia sahihi, akalipwa.

Nyundo inagonga: ngo. Ngo. Ngo.
Halafu, pu.
Hiyo pu niliisikia kwenye meno.

Kamba ikatulia.
Korongo wawili wanagombania utumbo wa sangara
juu ya kontena; sina muda nao, nahesabu.
Kumi na moja. Kumi na mbili.
Mikono hii iliwahi kumvuta ng'ombe matopeni kwa baba,
lakini ng'ombe alikuwa akilia, nilijua yu hai.
Kumi na tisa.

Mara moja.
Kisha sauti, nzito, kama ya mtu aliye mtungini:
"Bwire, angalia buti lako."

Nikaangalia. Shubiri moja kutoka kisiginoni,
katikati ya sitaha,
ncha ya kidole cha Minza
inachezacheza kama funza aliyeona jua.

Nilikuwa nimesimama juu ya kutu
nikidhani nimesimama juu ya meli.

Sayi alikata bamba bovu, akachomelea jipya.
Wakapiga mchanga mpaka chuma kikawa cheupe
kama jino la kwanza la mtoto,
na Minza akasaga kila kona iwe duara,
maana rangi, anasema, huikimbia ncha kali,
huacha pale utando mwembamba, na kutu hupajua.
Mishono kwanza, kwa brashi, kwa mkono.
Asubuhi hakupaka: umande.
Jioni hakupaka: mvua ilikuwa inanuka upande wa Ukerewe.
Tukakaa siku nzima tukila mihogo, chuma kikitungoja.

Mhasibu alikuja na kalamu sikioni.
Tabaka tatu za epoksi? Nyekundu, nyeupe, nyekundu tena?
"Tatu," akasema, "kwa ajili ya mavi?"

Minza hakumjibu.
Alikuwa anatazama kule mwaloni,
ambako mama mmoja wa uji alisukuma magugu kwa mguu,
akazamisha ndoo, akaitwika, akaondoka.
Mhasibu naye akatazama.
Akaandika tatu.

Jumanne meli ilirudi majini.
Abiria wanaingia chooni, wanatoka wakifunga mikanda,
wanauliza Nansio tutafika saa ngapi.
Nani ashukuru tangi?

Mimi kiganja bado kina alama ya kamba,
na nikipanda sitaha yoyote siku hizi
nakanyaga kwanza kwa kidole gumba.

Kwenye mfuniko, kwa rangi iliyobaki koponi,
herufi zikipinda kidogo kuelekea kulia,
Minza ameandika:
FUNGUENI JULAI.
MSIINGIE PEKE YENU.
GONGENI DARI.